Jinsi ya kumsaidia mhamiaji kutoka Asia Kusini kupata huduma za afya ya uzazi nchini Uingereza

Anza na lugha, kwa sababu hapo ndipo mambo mengi huharibika. Unapopiga simu mapokezi kumwekea miadi, omba mkalimani wa kitaalamu, ambaye mgonjwa halipii, na utaje lugha anayoizungumza nyumbani badala ya lugha ya taifa lake: Wabangladeshi wengi wa London asili yao ni Sylhet, eneo la kaskazini-mashariki mwa Bangladesh, na husema Kisylheti, na Wapakistani wengi wa Bradford wana asili ya Mirpur, katika Kashmir inayotawaliwa na Pakistan, ambako Kiurdu hufundishwa shuleni lakini nyumbani husemwa Kipahari. Mume, mama mkwe au mtoto asifanywe mkalimani, hata akijitolea kwa nia njema, kwani ni nani angethubutu kueleza maumivu ya tendo la ndoa, au kuulizia kitanzi, mbele ya mkwewe?

Omba pia mhudumu wa kike. Wanawake wenye umri wa miaka 25 hadi 64 hualikwa kupimwa mlango wa kizazi. Mweleze mapema kwamba kipimo hicho hutafuta virusi vya HPV, ambavyo huenezwa kwa kujamiiana, vinaweza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi na vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na kwamba hakipimi uaminifu wa mtu katika ndoa.

Hali ya viza isimzuie. Nchini England, uzazi wa mpango na matibabu ya magonjwa ya zinaa ni bure kwa kila mtu, ingawa utoaji mimba na matibabu ya ugumba havimo katika msamaha huo.