SOMO: Kupanga majengo ya shule huku Mtwara na Lindi, kabla hujachimba msingi

Wadau salaam. Wiki hii pekee nimeulizwa inboksi mara nne: "Fundi, nitumie ramani ya darasa la kisasa." Ramani si shida. Michoro ya TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri) ipo, kaiombe kwa mhandisi wa halmashauri yako. Shida ni namna unavyoilaza hiyo ramani kwenye kiwanja. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Hesabu watoto. Shule ya msingi, darasa moja watoto 45. Choo, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25.

2. Muhtasari wa mkutano wa kijiji uliotoa eneo, na vipimo vyake, viwe mkononi kabla ya tofali la kwanza.

3. Kiwanja kikague siku ya mvua uone maji yanapopita, si Agosti.

4. Mwelekeo. Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu. Miaka ya nyuma nilisimamia madarasa mawili ya shule moja ambayo siitaji. Kamati ilitaka jengo litazame barabara ili mgeni rasmi akifika alione. Nikakubali. Barabara ilikuwa magharibi, kwa hiyo madirisha yakatazama magharibi na mashariki. Nilirudi mwaka uliofuata saa tisa alasiri. Madawati yote yalikuwa yamesukumwa ukuta mmoja, watoto wanne kwenye dawati la watatu. Nusu ya sakafu ilikuwa jua tupu. Mwalimu alikuwa amefunga kanga mbili dirishani, na ubao unang'aa hadi wa nyuma hawaoni kilichoandikwa. Sikuwa na la kusema.

Kwa hiyo: urefu wa jengo uende mashariki–magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini, kuta fupi zisiwe na dirisha. Mnapata faida mbili. Upepo wa kusi unaingia upande mmoja kuanzia Aprili, ule wa kaskazi unaingia upande wa pili kuanzia Novemba, darasa linapumua mwaka mzima. Halafu jua. Sisi tuko nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta. Juni jua la mchana linaegemea kaskazini sana, Desemba linaegemea kusini kidogo tu. Basi baraza likae kaskazini, upana mita 1.8 hadi 2. Kusini ukingo wa bati wa sentimita 60 unatosha.

ONYO: usigeuze jengo kwa ajili ya barabara. Geuza bango.
ONYO la pili: fundi akikwambia "tutaweka pazia," tafuta fundi mwingine.

5. Ndani. Mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024 unataka mtoto afanye, si akae anakili. Chumba cha mita 9 kwa 7 kikiwa na watoto 45 kila mmoja ana mita mraba 1.4. Hapo vikundi vinawezekana, ila meza ziwe za kubebeka na watoto wawili. Acha ukuta mzima mmoja wa kubandika kazi zao, na kabati la zana lijengewe ukutani. Baraza lile la mita 2 ni darasa la ziada, kundi moja linaweza kutoka na kamba yao ya kupimia.

6. Madirisha ya slaidi hufunguka nusu tu. Mimi naweka ya kufunguka yote, na matundu ya hewa juu karibu na dari.

7. Dari ni lazima. Mvua ya Februari ikipiga bati tupu mwalimu anakaa kimya hadi iishe.

8. Mchanga wa ufukweni usiguse zege. Chumvi inakula nondo.

9. Kenchi (mbao zinazobeba bati) zifungwe kwenye mkanda wa juu (zege linalozunguka juu ya kuta) kwa nondo, si kwa misumari peke yake. Kimbunga Kenneth cha 2019 kilitupita kikaangukia Msumbiji, Hidaya cha 2024 kikaja Kilwa na Mafia. Haya mambo si hadithi tena.

10. Paipu za umeme zipite kabla ya lipu, hata kama nguzo haijafika.

MASWALI

Mdau wa Nachingwea: Mkuu, nitumie ramani basi.
— Soma aya ya kwanza, juu kabisa.

Kijana wa Lindi: Darasa moja ni shilingi ngapi?
— Wapi? Mchanga unatoka wapi? Maji yanabebwa na nini? Ukinijibu na mimi nitakujibu.

Mzee wa Kamati: Fundi, unatudharau wanakamati. Jengo likitazama barabara linapendeza.
— Mzee wangu, shikamoo. Sidharau, kosa nimesema ni langu mimi. Ila mgeni rasmi anakaa saa moja, mtoto anakaa miaka na miaka.

Mwalimu wa Newala: Sina dira, na ya simu kila siku inasema lake. Mashariki–magharibi nitaipataje?
— Mwalimu, swali zuri hili. Simika kijiti wima, asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli. Funga kamba kwenye kijiti, chora duara linalopita kwenye alama hiyo. Kivuli kitafupika, kisha alasiri kitarefuka tena hadi kiguse duara. Weka alama ya pili. Mstari unaounganisha alama mbili ndio magharibi–mashariki. Wape darasa la sita waifanye, hilo ni somo la jiografia tayari.

Mwalimu wa Newala: Ahsante sana. Na maji? Huku juu Makonde tunanunua kwa ndoo.
— Paa lako ndilo kisima. Milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ni lita moja. Paa la madarasa mawili, tuseme mita 20 kwa 10, mvua ya milimita 10 ni lita 2,000. Toa zinazopotea, shika 1,600. Simtenki ya lita 5,000 inakaribia kujaa kwa mvua tatu kama hiyo. Mvua ya kwanza ya msimu iache imwagike, inaosha vumbi.

Dada wa Tandahimba: Vumbi na salfa, dawa ya mikorosho! Sisi shule imezungukwa na mikorosho, msimu wa kupuliza bati linakuwa la njano.
— Kweli dada, nilisahau. Huko weka koki ya kumwaga chini ya mfereji, ifunguliwe kabla mvua hazijaanza. Na ongeeni na wenye mashamba, wapulize alfajiri kabla watoto hawajafika.

Kijana wa Lindi: Mchanga unatoka Mchinga, maji tunabeba na bajaji.
— Mchinga ya ufukweni au ya ndani? Umesoma namba 8?