Kuendesha unasihi unaomwachia mtu uchaguzi na wajibu wake

Mwongozo huu unawahusu walimu wa malezi, maafisa ustawi wa jamii, viongozi wa dini na wajumbe wa mashina wa Kigoma Ujiji na vijiji vya mwambao, yaani watu ambao hufuatwa na wenye matatizo hata kama hawakusomea kazi hiyo. Njia inayoelezwa hapa, iitwayo kwa Kiingereza Reality Therapy (tiba ya uhalisia), iliasisiwa na daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, William Glasser (1925–2013), ambaye aliikuza alipokuwa akihudumu katika taasisi ya serikali ya kuwarekebisha wasichana huko Ventura, California, na kuitangaza kwa kitabu chake cha mwaka 1965. Kwa maoni yake, mwenendo wa mtu ni jitihada yake ya kutimiza mahitaji matano, ambayo ni kuishi salama, kupenda na kupendwa, kuwa na uwezo na heshima, kuwa huru, na kufurahi. Jitihada hiyo huweza kwenda kombo, lakini bado ni yake, na ndiyo maana ni yeye peke yake awezaye kuibadilisha.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa dagaa wa Kibirizi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi hupumzika, na huyu wetu hukaa nchi kavu akiwa na fedha mfukoni na kilabu kikiwa karibu. Mke amekwisha kurudi kwao Kasulu pamoja na watoto. Mvuvi anapokuja kwako, neno lake la kwanza ni kwamba mke ana maneno mengi na ndugu zake wanamjaza.

Msalimie kama kawaida, muulize habari za ziwa, na mtafute mahali pa kukaa ambapo wapita njia hawatawasikia. Kisha muulize anataka nini. Mara nyingi mtu atakutajia anachotaka wengine wafanye: "Nataka aache maneno." Usimpinge. Muulize, "Na akiacha, nyumba yako ingekuwaje, kaka?" Akijibu kwamba angerudi alfajiri akute moto umewashwa na watoto wakamkimbilia kupokea kitoweo, hapo amekwisha kutaja anachokitamani, nacho si mke aliyenyamaza bali ni kupendwa na kuheshimiwa nyumbani kwake.

Baada ya hapo ingia katika anachokifanya, na uingie kwa undani. Swali la "kwa nini unakunywa?" huzaa visingizio, na visingizio havina mwisho. Badala yake uliza: "Juzi ulipotoka mwaloni, ulipita wapi kwanza? Ulikuwa na nani? Ulifika nyumbani saa ngapi, na ulisema nini mlangoni?" Glasser alifananisha mwenendo wa mtu na gari: matendo na mawazo ni magurudumu ya mbele, hisia na hali ya mwili ni ya nyuma, na usukani hugeuza ya mbele tu. Kwa hiyo mvuvi akisema ana hasira na halali usingizi, mpokee kwa upole, kisha mrudishe kwenye kile alichokifanya, kwa kuwa hasira haishikiki kwa mkono lakini njia ya kupita baada ya kazi yaweza kubadilishwa.

Sasa inakuja hatua ambayo yote mengine huitegemea, na ambayo kwetu ndiyo ngumu kuliko zote. Muulize: "Hayo unayoyafanya, yanakusogeza karibu na nyumba uliyonieleza, au yanakupeleka mbali nayo?" Kisha nyamaza. Tumezoea kwamba anayeendewa ndiye mwenye jibu. Mgeni akishaeleza shida, mzee hukohoa na kutoa hukumu. Utaratibu huo una faida yake katika ugomvi wa shamba au mirathi, ambapo lazima mtu aamue. Lakini mtu aliyeambiwa na mwingine kwamba mwenendo wake ni mbaya huondoka akihesabu makosa ya aliyemhukumu, wakati aliyetamka mwenyewe "kwa kweli yananipeleka mbali" hana wa kubishana naye. Akikubana kwa kusema, "Sasa wewe mkubwa, unanishaurije?", mwambie kwamba utamsaidia kupanga, ila kupima ni kazi yake kwa sababu nyumba ni yake. Ukimya hapo waweza kuwa mrefu, nawe usiujaze kwa hadithi ya jirani aliyeacha pombe.

Akishapima, pangeni. "Nitaacha pombe" si mpango, ni nadhiri. Mpango mzuri ni mdogo, unaanza leo au kesho, unaonekana ukifanyika, na hautegemei mtu mwingine abadilike kwanza. Kwa mfano: "Kesho nikishalipwa, kabla sijatoka mwaloni, nitamtumia mama watoto fedha ya matumizi kwa simu." Zile siku za mbalamwezi zipangiwe mpango wa pekee, kwa kuwa ndizo zenye hatari, labda ataamua kushinda akitengeneza nyavu na wenzake wasiokunywa. Aurudie mpango kwa maneno yake, naye ndiye aseme lini mtaonana tena.

Njia hii ina mipaka, na asiyeijua mipaka hiyo ataumiza watu. Serikali ilipofunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, hakuna mvuvi aliyechagua kukosa mapato hayo, na mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu hakuchagua vita. Kinachozungumzwa ni hatua iliyo mkononi mwa mtu ndani ya hali ambayo hakuiomba. Mwanamke anayepigwa haulizwi alichagua nini, bali hutafutiwa usalama na kuelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Glasser mwenyewe alikuwa na mashaka makubwa juu ya dawa za magonjwa ya akili, na hapo mimi simfuati: anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayezungumzia kujiua, afikishwe hospitali kama Maweni bila kuchelewa, na asiachwe peke yake njiani.

Mvuvi akirudi bila kutimiza alichopanga, usimlaumu, usimtishe, wala usimwahidi zawadi. Usimwulize sababu pia, akianza kukueleza kwamba mtandao wa simu ulisumbua, msikilize kidogo, kisha uliza, "Bado unaitaka ile nyumba?" Akisema ndiyo, uliza atatuma lini. Ikiwa mpango ulikuwa mkubwa kuliko nguvu zake, upunguzeni: badala ya fedha yote ya matumizi, atume nauli ya mtoto mmoja kuja kumsalimu. Na akirudi mara ya tatu mikono mitupu, mpokee vilevile na mpange upya, kwa kuwa Glasser aliwasisitizia wanasihi kwamba wasimkatie mtu tamaa upesi.