Kabla Hujashusha Sampu: Geji ya Presha ya Oili Inapoyumba

Mshale wa presha ya oili ukianza kurukaruka, wa kwanza kulaumiwa ni pampu, na wa pili ni fundi aliyemwaga oili mara ya mwisho. Huenda wote hawana kosa. Geji hupata habari zake kupitia sensa, soketi, waya na hasi ya bodi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari), na chochote kati ya hivyo kinaweza kuleta vurugu huku oili inatembea vizuri ndani ya injini. Huenda pia geji inasema kweli tupu, na ukiipuuza unaua kranki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Kwa hiyo kabla ya kununua spea yoyote, kazi ni moja: kujua presha halisi ni kiasi gani. Mengine yote ni maandalizi ya kufikia kipimo hicho bila kuumiza injini wala kufuta ushahidi.

Anza na uamuzi wa kama injini iendelee kuwashwa au la. Taa nyekundu ya oili ikiwaka wakati mshale nao umeanguka, egesha na uzime. Kwenye magari mengi swichi ya taa hiyo husubiri presha ishuke hadi karibu bar 0.3 mpaka 0.5, yaani psi 4 hadi 7, ndipo iwake. Hapo beringi, zile vikalio laini ambamo kranki huzungukia, tayari ziko pabaya. Mshale ukishuka pamoja na mlio mzito wa kugonga chini kwenye kranki, au tapeti (vidude vya kusukuma vali) zikianza kupiga kelele, jibu ni hilohilo: gari livutwe, lisiendeshwe. Ila kama injini inanguruma kimya kama siku zote na taa imezimika, una nafasi ya kuchunguza kwa utulivu.

Hakikisha tu kwamba taa yenyewe ni nzima. Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya oili lazima iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Balbu iliyoungua haimwonyi mtu. Tena, kuna magari ambayo taa na geji hupata habari kutoka sensa moja, kwa hiyo taa kutowaka hakuongezi ushahidi wowote.

Jambo la pili ni kujua una geji ya aina gani, na hapa ndipo watu wengi huruka. Za zamani kabisa ni za mrija: oili yenyewe hupanda kwa bomba jembamba mpaka nyuma ya dashibodi. Zikitetemeka kidogo, mara nyingi ni hewa iliyonaswa kwenye bomba. Kisha kuna za umeme zenye sensa ya waya mmoja, ambayo hubadilisha ukinzani kadiri presha inavyobadilika. Mfumo uliozoeleka Marekani huanza kama omu 240 presha ikiwa sifuri na kushuka hadi karibu omu 33 ikiwa juu. Mfumo wa VDO wa Ulaya huenda kinyume, omu 10 hadi kama 180. Ukifunga sensa ya mfumo mmoja kwenye geji ya mfumo mwingine utapata namba za ajabu hata injini ikiwa mpya. Magari ya karibuni yana sensa ya waya tatu inayopewa volti 5 na kompyuta ya injini, na kompyuta ndiyo inayoamua mshale ukae wapi.

Halafu kuna geji za mapambo. Kwa macho ni geji kamili, yenye namba au alama, lakini nyuma yake kuna swichi ya kuwaka na kuzima tu. Ford kadhaa za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa hivyo, na Mazda MX-5 kuanzia mwaka 1995 nazo ziliwekewa ya namna hiyo. Mshale hukaa katikati presha ikiwa psi 10, na hukaa palepale ikiwa psi 60. Geji ya aina hii ikianza kuruka, maana yake swichi inafungua na kufunga. Ama kuna waya mbovu, ama presha yako inaelea palepale kwenye kizingiti cha chini kabisa, na hilo la pili si la kuchekea. Kitabu cha ufundi cha gari lako kitakueleza uko kundi gani. Kitakuambia pia kama pampu yako ni ile ambayo kompyuta huibadilisha nguvu yake kwa hatua. Kwenye injini hizo presha kupanda ghafla ukifika mwendo fulani wa mizunguko ya injini kwa dakika ni tabia iliyokusudiwa, na si ugonjwa.

Sasa chukua karatasi, na abiria wa kuandika kama yupo. Maelezo ya "inapanda na kushuka" hayamsaidii fundi. Andika injini ilikuwa baridi au ya moto, mizunguko ilikuwa mingapi, ulikuwa unakata kona, unafunga breki, unapanda mlima au umesimama, taa kubwa zilikuwa zimewashwa au la. Nitakaa kidogo hapa kwa sababu karatasi hii peke yake inaweza kukupa nusu ya jibu.

Presha ya kweli hufuata mizunguko na joto. Oili baridi ni nzito, kwa hiyo asubuhi presha huwa juu. Injini ikipata moto oili inakuwa nyepesi na presha inashuka, hasa gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta. Hilo ni la kawaida. Mshale unaotoka bar 4 hadi sifuri na kurudi 4 kwa kufumba na kufumbua, injini ikiwa kwenye mizunguko ileile, unanuka umeme. Ukiona unacheza kwa kufuata mapigo ya taa za indiketa, au unaruka kila gari likipita shimo, usiwaze pampu kabisa. Tafuta hasi iliyolegea. Geji ya mafuta na ya joto zikicheza pamoja nao, tatizo liko kwenye umeme wa dashibodi nzima.

Dalili za oili zenyewe zina sura nyingine. Presha inayoshuka ukifunga breki au ukikata kona ndefu, kisha ikarudi polepole, huonyesha oili ni kidogo na bomba la kufyonzea linameza hewa. Ikiwa nzuri ukiwasha, ikashuka baada ya mwendo mkali, halafu ikapona ukizima gari dakika kadhaa, fikiria wavu wa bomba hilo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) umezibwa na tope la oili au vipande vya silikoni ya kubandikia gasketi. Takataka hufyonzwa wavuni na huanguka injini ikilala. Ikiwa nzuri kwenye baridi, chini sana kwenye sailensa ya moto, na inapanda ukikanyaga, beringi zilizolika zimo kwenye orodha ya washukiwa. Ila hata hapo subiri, maana oili nyepesi mno hutoa picha hiyohiyo.

Ndiyo maana oili hupimwa kabla ya kugusa waya. Gari liwe mahali tambarare, injini izimwe na iachwe kama dakika kumi oili iteremke, kisha futa kijiti, kichovye tena, usome. Watu hutazama kama imepungua, wanasahau kutazama kama imezidi. Ikizidi sana kranki huipiga ikatoka povu, na povu halishiki presha. Nusa kijiti: harufu kali ya petroli ina maana mafuta yanavuja kuingia kwenye oili na kuipunguza uzito. Rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia, na hapo una kesi nyingine kubwa kuliko geji. Tafuta risiti ya servisi ya mwisho uone ni oili ya daraja gani iliyowekwa na filta gani. Kama mshale ulianza vituko siku ileile gari lilipotoka servisi, anza na filta, daraja la oili, na soketi ya sensa ambayo huenda ilisukumwa na mkono.

Oili ikiwa pungufu, ijaze hadi alama kisha ujaribu tena. Lakini zile dawa za kuongeza uzito wa oili ziache dukani kwa sasa. Zinapandisha mshale na kuficha ulichokuwa unakitafuta.

Upande wa waya, chomoa soketi ya sensa na uiangalie ndani kwenye mwanga. Ukikuta oili imelowa kwenye pini, sensa imepasuka kwa ndani, ibadilishe. Kwa sensa ya waya mmoja kuna jaribio la haraka: ufunguo ukiwa umegeuzwa na injini imezimwa, chomoa waya, mshale uende mwisho wa upande mmoja, ugusishe kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja au mbili, uende mwisho wa upande wa pili. Ukitii bila kusitasita, geji na waya ni wazima, na mshukiwa ni sensa. Tikisa waya kwa urefu wake wote huku mtu akitazama dashibodi. Jaribio hili usilifanye kamwe kwenye sensa ya waya tatu, utaunguza kitu cha bei kubwa. Jambo moja zaidi: sensa ya waya mmoja hupata hasi kupitia nyuzi zake za kufungia, kwa hiyo aliyeizungushia tepu nyeupe ya mabomba ili isivuje anaweza kuwa ndiye aliyeikatia umeme.

Kilichobaki ni geji ya mkono, ile ya mrija ya kufunga mahali pa sensa. Tafuta inayosoma bar 0 hadi 10. Kabla ya kuifunga, jua nyuzi za tundu lako. Magari mengi ya Kijapani hutumia 1/8 BSPT, ya Kimarekani mara nyingi 1/8 NPT, na ya Ulaya mengi ni M10 kwa 1.0. Hizo mbili za kwanza zinafanana kwa macho, lakini moja ina nyuzi 28 kwa inchi na nyingine 27. Ukilazimisha, unapasua nyumba ya alumini ya filta. Injini iwe imepoa kiasi cha kushikika, uwe na matambara na chombo cha kukingia oili, na mpira wa geji upite mbali na feni na ekzosi. Kwenye baadhi ya V8 za General Motors za lita 5.3 kuna wavu mdogo chini ya sensa; ukiziba, sensa husoma presha ya chini isiyokuwepo, kwa hiyo uangalie ukiwa umeshafungua.

Soma presha injini ikiwa baridi, kisha iache ipate moto mpaka feni iwake na kuzima, usome tena kwenye sailensa, mizunguko 2,000 na 3,000. Linganisha na kitabu cha gari. Kama huna kitabu, mafundi wengi hukisia psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 injini ikiwa ya moto, ingawa kipimo cha kitabu ndicho chenye neno la mwisho.

Geji ya mkono ikitulia huku ya dashibodi inaruka, unabadilisha sensa au unatengeneza waya, basi. Zote mbili zikiruka pamoja, sasa sampu ishushwe, na mwambie fundi aanze na wavu wa kufyonzea na oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya bomba lake, afuate vali ya kupunguza presha, ndipo pampu, na beringi ziwe za mwisho. Filta ya zamani isitupwe. Ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe na ikamuliwe: ukiona vipande vinavyong'aa vya rangi ya fedha au shaba, beringi zinapanda kuwa za kwanza kwenye foleni.