Kabla hujamleta mtoto wa mbwa nyumbani, andaa hivi

Nimeshawapa watu wengi watoto wa mbwa hapa Dodoma, na simu ya usiku wa kwanza naijua: "Analia, hanyamazi, nifanyeje?" Ukiuliza, unakuta mtoto kafika lakini hana hata pa kulala. Andaa kwanza, ndipo ukamchukue, tena awe ametimiza wiki 8.

Hatua ya 1: Malazi

Tafuta boksi gumu, kata upande mmoja uwe mlango, tandika gunia na juu yake khanga kuukuu. Siku mbili kabla, peleka kipande cha khanga hiyo kwa mwenye mbwa, mama alale juu yake. Usikidharau kitambaa hicho. Nimemwona mtoto aliyelia saa nzima akizamisha pua ndani yake, akazunguka mara tatu, akashusha pumzi, akalala.

Juni na Julai usiku wa Dodoma una baridi na upepo. Jaza chupa maji ya moto yasiyounguza, ikaze kizibo, ivishe soksi, iweke pembeni mwa boksi ili akitaka joto asogee, likimzidi aondoke. Boksi likae karibu na kitanda chako wiki ya kwanza.

Hatua ya 2: Vyombo

Bakuli mbili nzito, moja ya maji na moja ya chakula. Za plastiki nyepesi atazipindua na kuzitafuna. Maji yasikauke kwenye bakuli, hasa mchana wa jua kali.

Hatua ya 3: Chakula

Muulize mwenye mbwa alikuwa anampa nini, endelea nacho wiki nzima, kisha badilisha kidogo kidogo. Ugali laini uliochanganywa na dagaa waliooshwa kuondoa chumvi na kusagwa, au nyama ya kuchemsha, unafaa kuanzia. Mpe mara 3 au 4 kwa siku. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha.

Halafu zabibu. Sisi tunaishi katikati ya mashamba ya mizabibu na zabibu hazikauki mezani, lakini kwa mbwa ni sumu inayoweza kuua figo, mbichi na kavu pia. Waambie watoto wa nyumbani mapema, maana wao ndio hugawana naye kila kitu. Chokoleti na vitunguu navyo asipewe.

Hatua ya 4: Daktari na kadi

Omba kadi ya chanjo, uone dawa ya minyoo alipewa lini. Mjue daktari wa mifugo kabla hujamhitaji. Chanjo ya pavo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3. Asizurure mtaani kabla hajamaliza, kwa kuwa kirusi cha pavo hukaa kwenye udongo miezi mingi.

Hatua ya 5: Kupe

Nunua kibano. Mshike kupe karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuminya. Nakuomba sana, usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe, inaweza kumuua. Mweleze daktari umri na uzito wake akupe inayomfaa.

Mkanda laini wa shingo, kamba, kitu cha kutafuna na matambara ya kufutia mikojo vinatosha kumalizia.

Mchukue asubuhi, ili giza likiingia awe ameshalizoea boksi lake.