Somo: Maji yanayotuama kwenye uwanja wa gofu, jua yanatoka wapi kabla hujachimba

Wakuu, masika yakianza Machi, simu ninazopigiwa ni za aina moja: feawei (njia ya nyasi fupi ya kuchezea kuelekea shimo) imegeuka bwawa, tuweke bomba wapi? Nami huuliza: maji hayo yanatoka juu au chini? Wengi hawana jibu, na hapo ndipo fedha nyingi huzikwa ardhini.

Nililijua hili kwa gharama, kwenye uwanja mmoja wa Nairobi ambako udongo mwekundu wa kilimani unashuka kukutana na udongo mweusi wa bondeni. Feawei ya nne ilikuwa chepechepe wiki mbili nzima baada ya mvua kukatika. Tukachimba mitaro mithili ya mifupa ya samaki katikati ya tope, tukalaza bomba, tukafukia vizuri. Msimu uliofuata maji yalikuwa palepale.

Hatua ya 1: Pima

Chimba vishimo vitatu vyembamba vya mita moja na nusu: kimoja ndani ya tope, kimoja ukingoni, kimoja mita 20 juu ya mteremko. Tumbukiza bomba la PVC ulilolitoboa matundu, zungushia kokoto, kisha ziba sehemu ya juu kwa udongo wa mfinyanzi. Usipoziba, maji ya mvua yataingia na kipimo kitakudanganya. Kila asubuhi shusha fimbo iliyopakwa chaki, tazama imelowa hadi wapi, andika daftarini pamoja na mvua ya siku hiyo. Fanya hivyo wiki tatu au zaidi.

Bomba likiwa kavu huku juu kuna dimbwi, tatizo ni la juu: udongo umeshindiliwa na mashine za kukatia nyasi, au hauna mteremko. Bomba likibaki na maji siku nyingi baada ya mvua, na lile la juu ya mteremko nalo likawa nayo, basi yanakuja chini kwa chini.

Hatua ya 2: Maji ya juu

Rekebisha mteremko, toboa ardhi kwa mashine ya kutoa vijiti vya udongo, jaza mchanga. Bomba mara nyingi halihitajiki.

Hatua ya 3: Maji ya chini, yakate kabla hayajafika

Hapa ndipo tulipokosea. Tuliposhuka kwenye mtaro mpya juu ya lile tope, kwa kina cha sentimita 90, pale udongo mwekundu unapokalia murram iliyoshikana, tuliona mstari wa unyevu ukutani kama jasho. Ukiweka kidole, maji yanakutiririkia kiganjani. Yalikuwa yakiteleza juu ya murram kutoka kilimani na kuibukia bondeni. Kuyasubiri bondeni ni kuchelewa.

Kwa hiyo mtaro ukate mteremko kwa upana, juu ya eneo lenye maji, na uzame sentimita 15 ndani ya tabaka gumu. Anza kuchimba kutoka mwisho wa kutolea maji ukipanda juu, ili maji yajiondokee unapoendelea. Mteremko wa mtaro uwe sentimita 1 kwa kila mita. Tumia pima maji ya mpira kama mafundi wa nyumba, usiamini jicho. Tandika kokoto iliyooshwa sentimita 5, laza bomba la milimita 100 matundu yakitazama chini (maji huingia yakipanda), kisha jaza kokoto mpaka juu ya ule mstari wa jasho. Malizia na mchanga mkavu wa chembe kubwa, halafu nyasi. Kichwani mwa mtaro simamisha bomba lenye kifuniko la kusafishia. Mafundi wengi huliacha, na baada ya miaka michache wanafukua upya.

Hatua ya 4: Mlango wa kutokea

Uwe juu ya usawa wa maji ya bwawa hata likijaa, wenye wavu wa kuzuia panya na vyura. Maji haya hubeba mbolea, yapitishe kwanza kwenye matete. Januari na Februari utayahitaji kumwagilia.

Maswali ya wanachama

*Kilifi: Kwetu maji yapo sentimita 60 tu, tena ya chumvi. Tulaze bomba kuelekea baharini?*
Bomba haliwezi kushusha maji pasipo na mahali pa chini zaidi. Pima maji hayo bahari ikijaa na ikipwa. Ikiwa maji hupanda pamoja nayo, inua ardhi kwa mchanga, au chimba kisima cha kukusanyia chenye pampu na kifuniko kinachofunguka upande mmoja. Panda nyasi aina ya paspalum, inavumilia chumvi.

*Nakuru: Grini (nyasi fupi sana zinazozunguka shimo) ina tabaka jeusi linalonuka mayai viza.*
Udongo umekosa hewa. Punguza kumwagilia, toboa, jaza mchanga. Kisha chunguza ilivyojengwa. Mfumo wa USGA (chama cha gofu cha Marekani), unaotumika tangu 1960, una sentimita 30 za mchanganyiko wa mchanga juu ya 10 za changarawe, na mabomba yasiyoachana zaidi ya mita 5. Maji ya ardhini yakipanda hadi kwenye changarawe, mfumo wote unakufa, kwa hiyo rudi hatua ya 1.

*Athi River: Udongo wetu wote ni mweusi, unapasuka kiangazi.*
Usitegemee mabomba. Ukilowa unavimba, nyufa zinafunga, na maji karibu hayapiti kabisa. Yaondoe juu kwa juu: mteremko wa asilimia 2 au 3 na mifereji mipana yenye nyasi, ambayo mashine ya kukatia inaweza kupita bila kukwama.

*Thika: Tuzungushie bomba kitambaa?*
Bomba lenyewe hapana, tope laini huziba kitambaa. Ikiwa kuta za mtaro zinamomonyoka, tandika kitambaa ukutani, nje ya kokoto.