Kori mbili, memori moja: jinsi ya kutumia makufuli ya RP2040

RP2040, ile chipu ya Raspberry Pi Pico, ina kori 2 (sehemu zinazoendesha programu) na SRAM, yaani memori ya ndani, ya KB 264 ambayo kori zote zinaandika humo zinavyotaka. Sasa kaunta ina 5, kori 0 inasoma 5, kori 1 nayo inasoma 5 muda huohuo, kila moja inaongeza 1 inaandika 6, wakati ilitakiwa iwe 7. Na Cortex-M0+, ndiyo aina ya kori zake, haina yale maagizo ya LDREX na STREX yanayogundua kori nyingine ikiingilia kati ya kusoma na kuandika, ndo maana chipu ikawekewa makufuli 32 humohumo ndani, kori moja isubiri nyingine imalize.

Kila kufuli ni rejista (kijisehemu cha chipu chenye anwani kama memori) ya baiti 4, zinaanzia 0xd0000100. Kufunga, unasoma tu. Ndiyo, unasoma! Ukipata namba isiyo 0 umelichukua, ukipata 0 limeshashikwa, soma tena mpaka upate. Kuachia, andika chochote palepale.

Hapo ndo watu wa dibaga (zana ya kuchungulia programu ikiwa inaendelea) wananaswa, maana ukifungua dirisha la memori kwenye anwani hizo uone nani kashika, dibaga nayo inasoma, kwa hiyo kufuli lililokuwa wazi linafungwa na hakuna wa kulifungua, programu inaganda unaanza kusaka bagi uliyoileta mwenyewe. Chungulia 0xd000005c, inaonyesha hali ya yote 32 bila kugusa kitu.

Kwenye C tumia SDK (maktaba rasmi ya Raspberry Pi), na hizi mbili ziite kabla hujawasha kori 1:

int n = spin_lock_claim_unused(true);
spin_lock_t *kufuli = spin_lock_init(n);

Halafu kila unapogusa kaunta, kori yoyote ile:

uint32_t hali = spin_lock_blocking(kufuli);
kaunta++;
spin_unlock(kufuli, hali);

Hiyo hali ni ya intarapti (ishara zinazokatiza programu ili kori ishughulikie jambo jingine kwanza), zinazimwa kwenye kori yako ukiwa umeshika kufuli. Zisingezimwa, intarapti ingeingia katikati ikataka kufuli hilohilo, ingesubiri milele kwa sababu aliyeshika ndo huyo iliyemkatiza. Kwa hiyo ndani weka mistari michache, printf iache nje kabisa.

Pia kufuli halilindi memori yenyewe, mstari mmoja tu unaogusa kaunta bila kufunga unapita kama kawaida na chipu hailalamiki.

Kwenye RP2350, chipu ya Pico 2, makufuli haya yana hitilafu ya chipu, SDK inatumia ya kisoftwea badala yake, ila fankshoni ni zilezile.