Kupima nishati ya msuli hai kwa fosforasi: anza na kigimbi

Wanafunzi wengi ninaokutana nao hapa Mbeya wanajua MRI ni ya picha. Lakini sumaku hiyohiyo, ikipewa vifaa vyake, inakuonyesha msuli unavyotumia nishati mtu akiwa amelala mbele yako, bila sindano wala kukata nyama.

1. Hakikisha mashine inasikia fosforasi, maana ndiyo iliyomo ndani ya molekuli za nishati za msuli. Mashine nyingi za hospitali husikia haidrojeni tu. Kwenye sumaku ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), haidrojeni iko megahezi 127.7 hivi, fosforasi 51.7. Amplifaya na koili (antena) za masafa hayo zisipokuwepo, kazi imeishia hapo.

2. Muandae mtu. Uliza kama ana chuma mwilini. Koili ikae chini ya kigimbi, mguu ufungwe mkanda, pedali iwe ya mbao au plastiki. Muamkie, kisha mfundishe kukanyaga kabla hajaingia. Mzee aliyebeba viazi Uyole miaka yote nguvu anazo; kinachomshinda ni kutulia.

3. Sawazisha uga wa sumaku kwa kutumia ishara ya haidrojeni ya maji yaliyomo msulini. Usikimbilie mbele.

4. Pima akiwa amepumzika. Kwenye mchoro wa ishara, kilele kirefu ni kreatini fosfeti, akiba ya nishati ya msuli; kiweke kwenye 0 ya kipimo cha ppm (sehemu kwa milioni). ATP, molekuli ambayo msuli huitumia moja kwa moja kupata nishati, ina vilele vitatu: karibu na −2.5, −7.5 na −16. Fosfeti huru, inayobaki nishati ikitumika, iko karibu na 4.9.

Hapa niliwahi kuumbuka. Nilirudia mapigo ya redio ya mashine kila sekunde 2, kreatini fosfeti ikaonekana haba, nikaanza kuandika kwamba msuli ni mgonjwa. Kumbe baada ya kila pigo ishara yake inahitaji zaidi ya sekunde 6 kuanza kurudi sawasawa, na fosfeti huru na ATP zina mwendo wao. Siku hizi naacha nusu dakika kati ya pigo na pigo. Nikilazimika kuharakisha, nasahihisha kila kilele kwa kipimo chake.

5. Akanyage pedali dakika 2 au 3, ukipima kila sekunde chache. Kreatini fosfeti inashuka, fosfeti huru inapanda, ATP haitikisiki. Wengi hushangaa. Fikiria nyumba yenye kihenge: unga wa jikoni hauishi, kwa sababu kila ukichotwa kihenge kinafidia. ATP ndiyo unga wa jikoni, kreatini fosfeti ndiyo kihenge. Ukitazama jikoni peke yake utasema hakuna aliyekula.

6. Kokotoa pH kwa umbali (d) wa fosfeti huru kutoka kreatini fosfeti:

pH = 6.75 + log[(d − 3.27) / (5.69 − d)]

Umbali ukiwa 4.9, unapata 7.06. Ukisogea hadi 4.5, ni 6.76: asidi imeingia. Mwenye ugonjwa wa McArdle, ambaye msuli wake hauwezi kuvunja glaikojeni (akiba yake ya sukari), hapati asidi hiyo; watafiti wa Oxford walilionyesha hilo mwaka 1981.

7. Aache kukanyaga, wewe endelea kupima. Kwangu hiki ndicho kiini cha kazi yote. Kihenge kinajazwa na mitokondria, vinu vya nishati vya seli, kwa oksijeni, kwa hiyo kasi ya kreatini fosfeti kurudi ndiyo kasi ya mitokondria. Chora mkunjo wa kurudi huko, utafute muda wake, yaani muda wa kurudisha karibu theluthi mbili ya kilichopungua. Kwa mtu mzima wa afya huwa karibu nusu dakika. Lakini asidi ikizidi, urejeaji unachelewa hata mitokondria zikiwa nzima. Mkomeshe kreatini fosfeti ikikaribia nusu, na kila unapoandika muda wa kurejea, andika na pH kando yake.